Mashua za Karagita

Katika nchi za baridi zilizopakana na bahari, mwisho wa majira ya baridi ni msimu wa safari za namna ya pekee. Jua linapoanza kupata nguvu, watu hukata tikiti, wakapanda mashua, wakaenda mbali na nchi kavu kwa saa mbili au tatu ili wamwone nyangumi akitoka chini kupumua. Hawamvui wala hawampigi chusa. Humtazama tu, kisha hurudi nyumbani wakiwa wameridhika. Kazi ya kuwachukua watu kwa malipo wakawatazame nyangumi ilianza huko California, Marekani, mwaka 1955, na nauli ya siku zile ilikuwa dola moja. Msomaji anaweza kudhani ya kuwa huu ni mchezo wa watu wenye wasaa na fedha za kutupa, usiotuhusu sisi. Walakini huku Karagita, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mombasa na karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, wako watu wanaowalisha na kuwasomesha watoto wao kwa kazi iyo hiyo. Tofauti ni moja tu: mnyama anayetazamwa hapa si nyangumi, ni kiboko.

Hata tofauti hiyo si kubwa kama ionekanavyo. Wataalamu wa elimu ya viumbe walipochunguza damu na mifupa ya wanyama hawa, waligundua ya kuwa katika wanyama wote walio hai leo, jamaa wa karibu kabisa wa nyangumi ni kiboko. Si sili wala nguva, kama wengi walivyodhani. Wazee wao walikuwa wamoja, wakatengana zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Mmoja akaifuata bahari moja kwa moja, akapoteza miguu yake ya nyuma. Mwingine akabaki mlangoni, mchana majini, usiku majanini. Kwa hiyo mtu wa Karagita anayempeleka mgeni kumwona kiboko, na mtu wa California anayempeleka mgeni kumwona nyangumi, wote wawili hula kwa jasho la ukoo mmoja.

Karagita ni mji mdogo uliopo kando ya barabara izungukayo Ziwa Naivasha upande wa kusini. Wakazi wake wengi walikuja kufanya kazi katika mashamba ya maua, na ukimwuliza mtu kwao ni wapi, atakutajia Kisii, Kakamega, Siaya, Machakos au Nyandarua. Vyumba vya kupanga vimepangwa safu kwa safu, na baina ya vyumba hivyo kuna maduka, makanisa, vibanda vya samaki wa kukaanga na watoto wasiohesabika. Ziwa li karibu sana, lakini kulifikia si jambo rahisi, maana sehemu kubwa ya ukingo wake ni mali ya wenye mashamba, wenye nyumba za fahari na wenye hoteli, na nyua zao zimeshuka mpaka karibu na maji. Njia za umma ni chache. Mojawapo ni ya Karagita. Nyingine ipo Kamere, mbele zaidi katika barabara iyo hiyo. Mwisho wa njia hiyo ya Karagita ndipo zilipofungwa mashua, na habari ninazotaka kuzieleza ni za namna zilivyofika pale.

Zamani ziwa hili halikuwa na mashua za kusifiwa. Wenye nchi walikuwa Wamasai, na Mmasai ni mtu wa ng'ombe. Samaki hakumla, na maji aliyathamini kwa ajili ya mifugo yake. Hata hivyo, jina la ziwa latokana na lugha yao: Nai'posha, maana yake maji yanayochafuka. Aliyelitoa jina hilo alikuwa ameyatazama maji kwa makini, kwa sababu mpaka leo asubuhi ziwa hulala kama kioo, na baada ya adhuhuri upepo ukashuka, mawimbi yakaamka ghafula. Misafara ya watu wa pwani iliyotoka Pangani na Mombasa kutafuta pembe za ndovu ilipita kando ya ziwa hili kabla ya Mzungu yeyote kuliona. Mwaka 1883 alikuja Mjerumani, Gustav Fischer, naye Wamasai wakamzuia asiendelee kaskazini; jina lake limebaki katika mnara wa jiwe uliopo mlangoni mwa Hell's Gate. Mwaka uo huo akapita Mskoti, Joseph Thomson, ambaye yeye alifaulu kuendelea mbele.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Reli kutoka Mombasa ilipita Nairobi mwaka 1899, ikateremka Bonde la Ufa, na kufikia mwisho wa 1901 ilikuwa imekwisha kugusa Ziwa Victoria. Mahali penye reli hapakukosa walowezi. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya mkataba na viongozi wa Wamasai, na kwa mkataba huo Wamasai wakaondolewa katika nchi ya Naivasha na bonde lote la kati, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Ardhi iliyozunguka maji ikakatwa mashamba. Naona inafaa kulishika jambo hili akilini, kwa kuwa kila ugomvi wa njia ya kwendea ziwani uliotokea baadaye una mzizi wake katika mwaka huo.

Safari mashuhuri ya kwanza ya mashua ya kuwaendea viboko wa Naivasha ilikuwa ya mtu mkubwa sana. Theodore Roosevelt alipotoka katika urais wa Marekani mwezi wa Machi 1909, alifunga safari kuja Afrika ya Mashariki kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Mwezi wa Julai alifika Naivasha. Akakaa katika shamba la walowezi kando ya ziwa, akaazima mashua ya makasia, akaingia nayo kati ya mafunjo na mayungiyungi. Aliona yale ambayo wageni wa leo huyaona: masikio mawili yanayotikisika juu ya maji, macho mawili, pua mbili, halafu hakuna kitu. Lakini mkononi mwake mlikuwa na bunduki. Alipompiga kiboko mmoja risasi, mnyama yule hakukimbia. Aliijia mashua kinywa wazi, na Roosevelt akazidi kumpiga mpaka akazama. Mwanawe Kermit, aliyekuwa mpiga picha wa msafara, alikuwa pamoja naye. Viboko waliouawa huzama kwanza, na huelea tena baada ya saa kadha wa kadha, basi ikabidi kungoja ili kujua hasa ni wangapi waliokufa. Habari hizo zote alizieleza mwenyewe katika kitabu chake cha 1910. Siku zile mwenye bunduki ndiye aliyeandika kitabu. Mwenye kasia hakuandika.

Tusimlaumu mtu mmoja kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi. Kiboko aliwindwa popote alipopatikana, kwa nyama yake, kwa mafuta yake, kwa meno yake na kwa ngozi yake. Ngozi hiyo ilikatwa kanda nyembamba, ikakaushwa, ikawa mjeledi, na mjeledi huo ukaitwa kwa jina la mnyama mwenyewe. Wapagazi wa misafara waliujua, na vibarua wa mashamba ya walowezi waliujua zaidi. Hivyo wazee wengi wa nchi hii walikutana na kiboko migongoni mwao kabla ya kumwona ziwani. Hata shuleni jina hilo lilihamia katika fimbo ya mwalimu, ijapokuwa fimbo yenyewe ilikuwa ya mti, na likadumu humo mpaka adhabu ya viboko ilipopigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Wanafunzi wangu hucheka ninapowaeleza habari hizi. Mimi nami hucheka, lakini si sana, maana nilisoma shule ya msingi kabla ya mwaka huo.

Baada ya bunduki ilikuja ndoana. Ziwa Naivasha kwa asili lilikuwa na samaki wa aina moja tu, mdogo kama kidole, asiyemfaa mvuvi yeyote. Walowezi waliona ya kuwa maji mazuri kama yale yanapotea bure. Mwaka 1925 wakaletwa ngege, na mwaka 1929 akaletwa samaki mkali kutoka Marekani, aitwaye besi, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba akinaswa hupigana. Aliletwa kwa ajili ya mchezo, si kwa ajili ya sufuria. Mabwana na mabibi wa Nairobi walishuka siku za mwisho wa juma, wakafungua mashua zao, wakashinda ziwani. Yule samaki mdogo mwenyeji, ambaye hakuwa na mlinzi wala wakili, alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Tangu hapo hajaonekana tena mahali popote duniani. Nimeona watu wakisimulia habari za ziwa hili kwa kurasa nyingi bila kumtaja, na mimi naona ni kosa.

Ilikuwako pia mashua ya ajabu kuliko zote, nayo ni ile iliyotoka mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya 1930, na tena baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege za Kiingereza zilizotengenezwa kutua majini zilishuka Naivasha katika safari zao za baina ya Uingereza na Afrika ya Kusini. Abiria waliteremka ukingoni, wakalala hotelini, wakastaajabia viboko waliokuja usiku kula majani ya bustani. Mwaka 1950 safari za ndege hizo zilikoma, kwa sababu viwanja vya nchi kavu vilikuwa vimekwisha kuwa vingi na vizuri. Hata hivyo, kwa muda ule mfupi, ziwa hili la ndani ya bonde lilikuwa bandari, na hoteli za ukingoni zikazoea kupokea wageni waliotoka mbali.

Sasa sina budi kueleza jambo kavu kidogo, lakini lenye nguvu kuliko bunduki na ndege. Ziwa Naivasha halikai mahali pamoja. Mito inayoliletea maji, hasa Malewa na Gilgil, hutegemea mvua za milimani. Mto unaotoka humo haupo, isipokuwa maji hunywea chini ya ardhi kwa siri, na kwa sababu hiyo yakabaki matamu hali maziwa mengi ya jirani yana magadi. Mvua zikiwa nyingi ziwa hupanuka, zikiwa haba hurudi nyuma na kuacha uwanda mpana wa matope yenye rutuba. Je, uwanda ule ni wa nani? Mwaka 1933 serikali ilikubaliana na wenye mashamba ya ukingoni kwamba nchi iliyoachwa na maji waitumie kwa kilimo na malisho, lakini wasijenge humo majengo ya kudumu. Mapatano hayo yalikuwa na busara upande mmoja, kwani ziwa liliachiwa nafasi ya kurudi. Kwa upande mwingine yaliwapa wale waliokuwa wamekwisha pata ardhi funguo za mlango wa maji. Mtu asiye na shamba hakuandikiwa kitu.

Kabla ya Uhuru kidogo, mwaka 1959, ziwa lilifunguliwa kwa uvuvi wa nyavu wa biashara. Hapo ndipo watu weusi wasio na mashamba walipoanza kuingia majini kwa haki yao na kwa mashua zao. Walijifunza mikondo, walijifunza vina, walijifunza saa za upepo. Walijifunza pia viboko, na wengine walilipa ada ya masomo hayo kwa maisha yao. Mabaharia wengi wanaowachukua wageni leo ni wana au wajukuu wa wavuvi, au walikuwa wavuvi wenyewe. Elimu yao haikutoka chuoni.

Uvuvi haukuwa neema isiyokwisha. Tangu miaka ya 1960 magugu mageni yalianza kutanda juu ya maji. Kwanza gugu dogo la kuelea liitwalo salvinia, na mwaka 1988 gugumaji lenye maua ya zambarau, ambalo hata leo hufunga ghuba nzima usiku mmoja upepo ukilisukuma. Mwaka 1970 waliletwa kamba wa maji baridi kutoka Marekani, nao wakafyeka mimea iliyoota chini ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaonekana samaki mwingine mgeni, kapi, anayepekua matope. Wakati huo wavuvi walikuwa wameongezeka, na nyavu za macho madogo zilikuwa zikichukua watoto wa samaki pamoja na mama zao. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa kwa mwaka mmoja ili ziwa lipumzike. Mwenye shibe aliiona amri hiyo kuwa ya hekima. Mwenye mke na watoto wanne katika chumba cha kupanga aliingia ziwani usiku.

Karagita ilikuwa imekua katika miaka iyo hiyo. Mashamba ya maua yalianza kuonekana kando ya ziwa mwishoni mwa miaka ya 1960, yakazidi katika miaka ya 1980 na 1990, na waridi zilizokatwa hapa asubuhi zikawa zinauzwa Uholanzi baada ya siku chache. Kazi iliwaita watu, watu wakawa wengi kuliko kazi. Ugomvi juu ya samaki ukawa ugomvi wa kufa na kupona. Bibi Joan Root, mpiga filamu za wanyama aliyezaliwa Kenya, aliyekuwa na nyumba kando ya ziwa, alitoa fedha zake kuwalipa vijana wakamate wavuvi haramu. Na mwezi wa Januari 2006 aliuawa nyumbani kwake kwa bunduki. Wapo waliomwita mlinzi wa ziwa, na wapo waliosema ya kuwa alilinda samaki kuliko watu. Mimi nimesikia maneno yote mawili kutoka kwa watu wenye akili timamu.

Kwa hali hiyo, kazi ya kuwachukua wageni ilikuja kama dirisha katika chumba chenye moshi. Sheria ilikuwa imekwisha kutengeneza njia bila kukusudia: mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini, na tangu hapo mgeni aliyetaka kumwona kiboko alikuwa hana la kufanya ila kumtazama. (Hata nyangumi alipata nafuu yake kwa namna hiyo, mataifa yalikubaliana mwaka 1982 kuacha kuwavua kwa biashara, na mapatano yakaanza kutumika mwaka 1986.) Hell's Gate ikawa mbuga ya taifa mwaka 1984. Mwaka 1995 ziwa lenyewe likaandikwa miongoni mwa maeneo ya maji yenye thamani kwa dunia nzima chini ya mkataba wa Ramsar. Katika Crescent Island, ambayo kwa kweli ni ukingo wa shimo la volkano ya kale uliochomoza juu ya maji, twiga na pundamilia na nyumbu waliishi bila simba, na mgeni aliweza kutembea kati yao kwa miguu. Hoteli zilikuwa na mashua zao na wageni wao. Yule wa Karagita aliona ya kuwa yeye naye anajua ziwa, tena analijua kuliko wao. Akatia injini nyuma ya mashua, akapanga viti, akasimama njiani kuwaita watu waliokuja kwa matatu.

Nilipanda mashua ya namna hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa katika chuo cha ualimu, pamoja na wenzangu wanane tuliochanga nauli. Nahodha wetu alikuwa mzee mkimya. Tuliondoka saa mbili za asubuhi, maji yakiwa hayana kunyanzi. Tulipolikaribia kundi la kwanza, alizima injini mbali, akaiacha mashua isogee yenyewe. Nilimwuliza kama hatungeweza kupita upande wa pili, kulikokuwa na mwanga mzuri wa kupigia picha.

"Hapo hatupiti, Mwalimu," alisema.

"Kwa nini, mzee?"

"Vile vina viko huku. Wao wamesimama mahali pafupi. Ukikaa baina yao na maji marefu, umewafungia mlango."

Kisha akanionyesha mstari wa mapovu uliokuwa ukija polepole juu ya maji, mahali pasipo na kichwa chochote. Kiboko haogelei kama tunavyodhani. Hutembea chini, akikanyaga tope, na aweza kukaa chini ya maji kwa dakika kama tano. Mapovu ndiyo nyayo zake. Mzee aliyatazama kwa muda, akachukua kasia, akaturudisha nyuma mita kama ishirini. Tulingoja. Mahali hasa tulipokuwa tumesimama kilitoka kichwa kikubwa chekundu-cheusi, kikapumua kwa kishindo, kikatutazama. Hakuna aliyekumbuka kupiga picha.

Ujuzi wa mabaharia hawa wa pili ni ule wa furukombe, tai mwenye kichwa cheupe alaye samaki. Nahodha huchukua samaki mdogo, humtia kipande cha bua la funjo ndani ya tumbo ili asizame, hupiga mluzi na kumtupa mbali. Tai aliyekuwa juu ya mgunga hujiangusha, hukunja mbawa, humnyakua samaki kwa kucha bila kulowana kifua. Wapo wataalamu wasiopenda jambo hili, wakisema ya kuwa ndege humfanya binadamu kuwa mpishi wake. Pengine wana haki. Lakini hao tai walipungua sana wakati maji yalipochafuka na samaki walipopungua, na sidhani ya kuwa nahodha mwenye samaki mmoja ndiye wa kwanza kuulizwa.

Ndege wa ziwa hili ni aina zaidi ya 300. Mwari huelea makundi makundi, mnandi hukausha mbawa zake juu ya miti mikavu, mdiria hutumbukia kama jiwe. Wengine si wenyeji: hufika toka Ulaya na Asia miezi ya Oktoba na Novemba, wakikimbia baridi, na huondoka Machi na Aprili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa makumbusho ya taifa na vyama vya wapenda ndege wamekuwa wakiwahesabu ndege wa maji kila mwezi wa Januari, na baadhi ya hesabu hiyo hufanywa kutoka mashuani. Nahodha hujua kwa macho yake msimu umegeuka: ukingo uliojaa sululu wadogo wakidonoa tope, asubuhi moja huwa mtupu. Wakati uo huo, mbali kaskazini, watu huanza kukata tikiti za kwenda kuwatazama nyangumi.

Isidhaniwe ya kuwa kazi hii ni salama. Kiboko dume ana uzito wa kilo 1,500 na zaidi, na nchi kavu humpita mtu mbio. Mwezi wa Agosti 2018, siku moja, viboko wa Naivasha walimwua mtalii aliyetoka Taiwan na mvuvi wa hapa. Mtalii alikuwa nchi kavu, akipiga picha. Habari za mtalii zilienea dunia nzima. Za mvuvi hazikwenda mbali. Kila usiku kiboko anahitaji majani kiasi cha kilo 40, na malisho yake ni uwanda ule ule wa ukingoni ambao wenye mashamba huutaka, wenye hoteli huutaka, na maskini wa Karagita huupanda mboga. Ukuta ukijengwa mahali alipozoea kupita, hutafuta pengo. Na pengo mara nyingi ni ile njia ya umma, iliyo nyembamba, ambayo mchana hupitwa na watoto wenye madumu ya maji.

Mwaka 2009 ukame uliliminya ziwa mpaka mashua zikawa zinasukumwa juu ya tope. Baadaye maji yalianza kupanda, na katika mwaka 2020 yalipanda kupita kiasi, kama yalivyopanda katika maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Mwaka huo ulikuwa na msiba wa pili, kwa kuwa ugonjwa wa korona ulifunga viwanja vya ndege. Maua hayakuwa na wanunuzi, na mashua hazikuwa na wageni. Mtaa wa Kihoto, karibu na mji wa Naivasha, uliingiwa na maji, viboko wakaonekana kati ya nyumba. Mwaka 2025 maji yaliurudia mtaa huo, maelfu ya watu wakahama, na mashua zikatumika kuwatoa watu na magodoro yao.

Ukingo wa Karagita nao umesogea. Mahali mashua zilipokuwa zikifungwa zamani sasa ni ndani ya ziwa, na njia ya umma, ambayo haikuwa ndefu tangu hapo, imekuwa fupi zaidi, kwani maji huila upande mmoja na nyua hazirudi nyuma upande wa pili. Manahodha wamehamisha vigingi vyao mara kadha. Kutoka pale unaona migunga mirefu ya manjano iliyokufa kwa kusimama majini, myeupe kama mifupa, na juu yake wanandi wamejenga viota vyao tele. Kila asubuhi mashua hupita katikati ya miti hiyo polepole, injini ikiwa imepunguzwa, kwa sababu matawi yaliyozama hayaonekani, na viboko wamependa kivuli chake.